Mwanangwa, mtu wa mtemi kijijini

Mwanangwa alikuwa nani hasa, tuseme kwa mkazi wa Kalemela au Bariadi, huko Usukuma?

Alikuwa mtu wa mtemi, yaani chifu, kijijini. Usukuma haukuwa na mfalme mmoja; ulikuwa na tawala nyingi, Ntuzu ya upande wa Bariadi ikiwa mojawapo, na kila mtemi aliigawa nchi yake katika magunguli, kila gunguli na mwanangwa wake. Wengi wao walikuwa watoto wa watemi. Zamani utemi ulirithiwa na mtoto wa dada, kwa hiyo wale aliowazaa mtemi mwenyewe walikosa kiti, wakapewa vijiji.

Kazi zake za kimila zilikuwa na uzito, au mapambo tu?

Wanaotenganisha mila na utawala hapa wanapotea. Mtemi alihesabiwa kuwa mwenye mvua na rutuba ya nchi, lakini hakuweza kuwa kila mahali. Kabla ya msimu, mbegu zilizotiwa dawa kwake ziliwafikia wakulima kupitia mwanangwa, na mgeni aliyetaka kulima alionyeshwa shamba na mwanangwa huyohuyo, kwa jina la mtemi. Aliyepokea mbegu na shamba alikuwa amekwisha kukiri, bila askari kumsimamia, kwamba yuko chini ya mtemi fulani. Utawala ulihitaji kukiri huko, kwa sababu nguvu za kulazimisha zilikuwa haba: ardhi ilikuwa tele, na asiyeridhika aliswaga ng'ombe wake akahamia kwa mtemi jirani. Tena mila hizo zilimfunga mtemi mwenyewe. Ukame ukizidi aliweza kuondolewa, maana alichoahidi kwa mkono wa wanangwa wake hakikutimia.

Je, huko si kupamba unyonyaji? Watu si walimlimia mwanangwa bure?

Walimlimia, na sioni sababu ya kulificha. Ni kweli pia kwamba Hans Cory, aliyechapisha kitabu chake kuhusu mtemi mwaka 1951, aliandika akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, iliyokuwa na haja ya watemi wenye heshima. Lakini tuangalie yaliyotokea mila zilipowekwa kando. Sheria ya mwaka 1926, enzi ya Gavana Donald Cameron, iliwafanya watemi kuwa serikali za wenyeji, na mwanangwa akawa mkusanya kodi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukaja mpango wa maendeleo ya Usukuma: matuta ya lazima, kupunguza mifugo, faini kwa mkaidi. Sura ya mwanangwa ilikuwa ileile, ila sasa alifika kuchukua na kuamuru, na aliyekasirika hakuwa tena na njia nyepesi ya kuhama. Chuki iliyotanda Usukuma miaka ya 1950, hadi ghasia za Geita mwaka 1958, iliwagusa watemi na watu wao pamoja na Waingereza. Kama heshima ya zamani ingekuwa woga mtupu, isingeyeyuka wakati mwanangwa alipopewa mahakama na askari wa kumwogopesha mtu. Uchifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, wachache walisimama kuutetea.

Kwa kuwa mwanangwa alisimama badala ya mtemi, anafanana na mwakilishi wa Malkia?

Kwa mbali. Kuanzia 9 Desemba 1961 Tanganyika ilikuwa chini ya Malkia Elizabeth II, naye Richard Turnbull akamwakilisha kama Gavana Mkuu, huku serikali ikiwa mikononi mwa Waziri Mkuu. Mwaka mmoja baadaye ikawa jamhuri na cheo hicho kikaondoka bila kishindo. Turnbull hakuwa na shamba la kumgawia mtu.

Tangu Rais Samia asimikwe kuwa Chifu Hangaya mwaka 2021, wapo wanaotaka machifu na wanangwa warudi. Warudi?

Matamasha ya mila yaendelee, ngoma na historia vinahitaji watunzaji. Mwanangwa ni suala jingine. Ardhi ya kijiji leo inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, nayo inawajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Mbegu zinanunuliwa dukani. Anayetaka kumsimika mwanangwa Kalemela aseme kwanza mtu huyo atamkabidhi mkulima nini, na mkulima atamwondoaje asipokikabidhi.