Bekoni na mnafu, paja na karafuu

Pakiti yangu ya kwanza ya bekoni niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, hapa Moshi, wageni wako sebuleni, nami nikajiambia nyama ni nyama. Nikaikatakata yote nikaitumbukiza kwenye maharage ambayo tayari yalikuwa na chumvi na kidonge cha mchuzi. Hakuna aliyemaliza sahani. Shemeji yangu, ambaye si mtu wa kuficha neno, aliomba maji mara tatu, kisha akauliza: “Shemeji, haya maharage umeyachotea maji baharini?”

Aliyenifungua macho ni jirani yangu, mama wa Kitanga, Mwislamu ambaye nguruwe haingii hata uani kwake. Siku moja nilimkuta akiandaa papa wa chumvi. Alimloweka, akamwaga maji, akamloweka tena, kisha akachukua kipande kisichozidi kiganja na kukitia kwenye sufuria nzima ya mchuzi wa nazi. Chupa ya chumvi hakuigusa. Nilirudi nyumbani nikijiona mjinga. Kumbe bekoni ni ya ukoo mmoja na ng'onda na papa: inatiwa ili ikoleze vitu vingine. Kitimoto ya kukaanga unaweza kula nusu kilo na ndizi na kachumbari ukaondoka salama. Bekoni ukiila hivyo utalala na jagi la maji kando ya kitanda.

Kwa asiyeijua, bekoni mara nyingi ni nyama ya tumbo la nguruwe iliyolazwa kwenye chumvi, aghalabu na sukari kidogo na naitraiti, ile dawa inayoiacha na rangi ya waridi hata ikishapikwa. Nyingine hupitishwa kwenye moshi. Chumvi huvuta maji, na kinachobaki ni nyama yenye ladha nzito na mafuta mengi. Kwa hiyo ninapoitafutia mwenzake najiuliza maswali mawili tu: nani atabeba hii chumvi, na nani atakata haya mafuta?

Chumvi anaibeba vizuri mwenye uchungu. Chumvi hupunguza ukali wa uchungu ulimini, ndiyo maana hata nyanya chungu zikikolea chumvi hulika kwa urahisi. Nimejaribu bekoni na mchicha ikawa kawaida tu. Mchicha ni mpole mno, unamezwa. Sukuma wiki ni nzuri zaidi. Lakini mnafu! Kwa vipande vinne vya bekoni nachukua fungu kubwa la mnafu, na watu wanne tunakula tukatosheka.

Napika hivi. Bekoni naikata vipande vyembamba kama njiti za kiberiti, naiweka kwenye kikaango cha baridi, natia vijiko viwili vya maji, ndipo nawasha moto mdogo. Ukiitupa kwenye mafuta ya moto inaungua nje huku mafuta yake yenyewe yamebaki ndani. Kwa moto mdogo mafuta yanayeyuka polepole, maji yanakauka, na nyama inaanza kukaangika kwa mafuta yake. Hapo naiopoa. Kwenye mafuta yaliyobaki natia kitunguu na kitawi kimoja cha rozmari. Mnafu nakuwa nimeshauchemsha na kumwaga maji ya kwanza. Naukamua, natia kikaangoni, nageuza kwa dakika tatu nne, kisha narudisha bekoni juu. Chumvi sitii. Limau nakamua mwishoni kabisa, moto ukishazimwa.

Ikiwa bekoni uliyonunua ni ya chumvi kali, na huwezi kujua mpaka uonje kipande kilichoiva, tia vipande kwenye maji baridi, chemsha mara moja, mwaga maji, halafu endelea. Utapoteza ladha kidogo, lakini chakula kitalika.

Ndizi mbichi ni mwenzake mwingine, tena kwa sisi wa mlimani anapatikana hatua chache nyuma ya jikoni. Ndizi iliyochemshwa haina makuu, inanyonya chumvi na mafuta bila kulalamika. Machalari ya bekoni nimeyapika mara nyingi kuliko nitakavyokiri mbele ya mama mkwe. Parachichi, ambalo naona mikahawani linapangwa na bekoni juu ya mkate, kwangu halifai peke yake: ni mafuta juu ya mafuta. Likipata ndimu na pilipili mbichi, sawa.

Hemu, yaani paja la nguruwe la chumvi, ile iliyo tayari kwa kuliwa, inayokatwa vipande vyembamba na kuliwa baridi, inataka kitu kingine kabisa. Waitaliano paja lao la Parma, linalokaushwa kwa chumvi peke yake kwa zaidi ya mwaka mzima, hulila na tikiti tamu lenye nyama ya rangi ya chungwa. Mimi natumia papai. Liwe limeiva lakini bado linashika kisu, nalikamulia ndimu ya kutosha kwa sababu papai letu lina utamu bila uchachu. Nanasi nalo linakubali, hasa likikaangwa kidogo.

Kuhusu majani, sina mengi. Rozmari inastahimili moto na mafuta, na kwetu bustani nyingi zinayo kama ua tu, watu wanapita hawaitazami. Giligilani itie mbichi, mwishoni. Kitunguu saumu punguza: kikiungana na chumvi na moshi kinatawala sahani yote.

Karafuu, hata hivyo, naomba tukae nayo kidogo. Waingereza na Wamarekani wana desturi ya zamani ya kuchomeka karafuu kwenye paja la nguruwe la Krismasi, na katika karne ya 19 karafuu nyingi zilizouzwa duniani zilitoka Unguja na Pemba. Nawaza wakulima wa Pemba walioanika karafuu ile majamvini bila kujua, na bila kutaka kujua, inakwenda kuchomekwa wapi! Harufu yake inatokana na mafuta yaitwayo yujenoli, na ina joto tamu linaloikabili chumvi ya paja bila kupigana nayo. Paja nalichemsha kwanza polepole mpaka liive, navua ngozi nikiacha mafuta, nachora kwa kisu mistari inayokingamana, kisha kwenye kila makutano nachomeka karafuu moja. Moja! Mwaka mmoja nilichomeka tatu tatu na ndimi zetu zikafa ganzi kama tumetoka kung'olewa meno. Juu napaka asali na haradali, linaingia kwenye oveni ya moto mpaka ling'ae.

Kinywaji cha kwanza kwangu ni mbege. Unajua inavyotengenezwa: maji ya ndizi mbivu zilizochemshwa na kuvundikwa siku kadhaa, yakachanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na wazee wakatia gome la msesewe lilete uchungu. Mbege changa ni tamu mno kwa bekoni. Subiri ichachuke, uchachu unakata mafuta na uchungu unabeba chumvi. Bia baridi nayo haikosei, mapovu yanasafisha ulimi. Ukitaka mvinyo wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, chagua mweupe usio na sukari. Mwekundu niliujaribu na bekoni nikaona ukakasi wake unakaza mdomo. Pombe kali usijaribu kabisa: juu ya chumvi inawasha koo.

Wasiokunywa pombe wasijione wamekosa. Ukwaju uliotiwa sukari kidogo tu unafanya kazi ya mvinyo mweupe, na chai ya rangi yenye tangawizi ya kusaga ndiyo ninayokunywa mimi asubuhi nyingi zaidi ya hizo pombe zote.

Neno la pembeni: mwaka 2015 kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliiweka nyama ya kusindikwa, bekoni na hemu zikiwemo, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Nyumbani kwangu tunaila mara moja au mbili kwa mwezi. Na bekoni ipikwe mpaka iive. Chumvi haigeuzi nyama mbichi kuwa mbivu.

Krismasi hii shemeji anakuja tena. Paja nimeshaagiza buchani, la kilo nne, na karafuu nimezihesabu: arobaini.