Kununua Bomba la Dawa ya Pamba Kwenye Duka la Ndoo

Ukipita madukani Bariadi mwezi Desemba, mvua zimeshika na pamba imeanza kuota, utayaona mabomba ya kupulizia dawa yamening'inizwa mlangoni pamoja na ndoo, madumu, mabeseni na viti vya plastiki. Muuzaji anakutajia bei, mnapatana, anakukabidhi. Ukimuuliza nozeli ya akiba anakuelekeza duka la pili, na la pili wanakuelekeza la tatu.

Zamani bomba lilikuwa na njia yake. Simiyu ilipokuwa bado sehemu ya Shinyanga, kabla ya kuwa mkoa mwaka 2012, pembejeo za pamba zilishuka kupitia chama kikuu cha ushirika, SHIRECU, hadi chama cha msingi. Wenzetu wa Busega, waliokuwa upande wa Mwanza, walihudumiwa na chama kikuu cha Nyanza. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, njia ile ikakatika. Maduka ya pembejeo yakachukua nafasi, kisha maduka ya jumla, na leo bomba linauzwa hata gulioni. Kuna misimu vyama vya msingi, yaani AMCOS, hupokea mabomba kupitia Bodi ya Pamba, lakini wakulima wengi wanajinunulia wenyewe.

Sioni ubaya bomba kuuzwa kila mahali. Bei imeshuka, na mkulima wa Meatu hana haja ya kupanda basi kulifuata. Tatizo ni kwamba ujuzi wa muuzaji haukuhama pamoja na bidhaa. Aliyezoea kuuza mabeseni hawezi kukuambia bomba lipi litakumwagia dawa mgongoni, kwa hiyo kazi ya kulikagua umebaki nayo wewe.

Usianzie kwenye jina. Solo ya Ujerumani na Jacto ya Brazil, kampuni zilizoanzishwa mwaka uleule wa 1948, zimejijengea heshima kwa mabomba ya mgongoni, na bidhaa yenye heshima haikosi wa kuiiga. Hata jina likiwa halali, halikuambii kila kitu. Tazama mashine za kufyonza vumbi huko Ulaya na Marekani. Jina Hoover lina wenyewe wawili: Marekani Kaskazini liko chini ya TTI ya Hong Kong tangu mwaka 2007, na Ulaya lilichukuliwa mwaka 1995 na Candy ya Italia, ambayo nayo ilinunuliwa na Haier ya China mwaka 2019. Anayenunua kwa kusoma nembo tu hajui kiwanda kipi kimemtengenezea.

Kwa hiyo lijaribu bomba kwa maji kabla hujatoa pesa. Wauzaji wengine hawapendi. Ukisema, "Mdogo wangu, nisaidie maji kidogo nilijaribu," utajibiwa, "Mama, hili jipya kabisa, halina shida." Usikubali kuondoka hivyo. Jitolee kwenda na dumu lako la maji safi, na anayekataa hata hapo mwachie bomba lake.

Jaza tangi nusu, funga mfuniko, kisha liinamishe bomba kama mtu anavyoinama kukagua jani la chini. Mfuniko ukitoa maji hapo, shambani utakushushia dawa shingoni. Lisimamishe tena, piga mkono hadi uwe mzito, triga ikiwa imefungwa. Subiri kidogo. Ncha ya nozeli isidondoshe hata tone. Sasa pitisha kidole kikavu kwenye kila ungio: pale silinda inapoingia chini ya tangi, pale mpira unapotoka kwenye tangi, pale mpira unapoingia kwenye kishikio cha triga, na pale fimbo inapofungwa. Penye unyevu, mwambie muuzaji akaze mbele yako. Pakiendelea kutoa maji baada ya kukazwa, chukua bomba jingine na uanze upya.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu ya tulichozoea kukiona mashambani: shati la mpigaji dawa limelowa chini ya kiuno, naye anaendelea na mistari yake mpaka jua lizame. Dawa nyingi za pamba ni za kundi la pairethroidi, na zikigusa ngozi huiwasha na kuichoma. Nyingine huchanganywa na profenofos, na hiyo hupenya ngozi hadi mwilini. Anayevujiwa anaipokea sumu taratibu, saa baada ya saa, bila kunywa hata tone.

Angalia na uzito. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linashauri bomba likijazwa lisizidi kilo 25. La lita 16 liko ndani ya kiasi hicho. La lita 20 linakisogelea, na kwa mwenye mwili mdogo litamchosha mapema. Mikanda ya begani iwe mipana na vishikizo vyake vikaze vizuri. Mtoto asilibebe bomba la dawa, hata likiwa tupu.

Baada ya maji, vipuri. Mwonyeshe muuzaji kwa kidole: wosha ya pistoni, oringi, mpira, triga, nozeli. Akiwa hana, nenda kwa fundi baiskeli wa kijijini kwako umuulize ni aina gani anazozitengeneza mara nyingi. Kwa maoni yangu, bomba ambalo majirani wengi wanalo ni bora kuliko bomba la kifahari ambalo hakuna anayelijua, kwa kuwa likikwama katikati ya msimu, funza wa vitumba hawatakusubiri utume mtu Mwanza. Siku hiyohiyo ya kununua, nunua wosha na oringi za akiba uzifunge kwenye mfuko. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa aina ya bomba, na mpatane kabla ya kulipa kwamba likivuja ndani ya siku kadhaa utalirudisha. Ukigundua umeuziwa bandia, mahali pa kulalamika ni Tume ya Ushindani, FCC, na huko risiti ndiyo itakayokusemea.

Nozeli nyingi zinazokuja na mabomba ya bei nafuu ni zile za kuzungusha: ukikaza unapata ukungu, ukilegeza unapata mchirizi. Mchirizi haufai kwa wadudu wa pamba, maana dawa inateremka chini badala ya kushika jani. Tafuta nozeli ya koni, inayotoa ukungu wa mviringo, kwa dawa za wadudu. Ile bapa, inayofunguka kama feni, iache kwa dawa za magugu. Nozeli ikiziba usiipulize kwa mdomo wala kuichokonoa kwa waya. Isafishe kwa maji na brashi laini, mswaki wa zamani unatosha.

Mabomba ya betri nayo yameingia madukani, na kwa mwenye eneo kubwa yanapunguza uchovu wa mkono. Mengi yana betri ya asidi, ambayo huharibika ikikaa tupu miezi mingi baada ya msimu. Kama huwezi kuichaji walau mara moja kwa mwezi, baki na la mkono.

Ukifika nalo nyumbani, pima kiasi kinachotumika kabla ya kuweka dawa. Chora mraba wa mita 10 kwa 10 shambani, jaza maji hadi alama unayoiona, pulizia mraba wote kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jaza tena hadi alama ileile ukipima ulichoongeza. Zidisha mara 40, utapata maji ya ekari moja. Ukiongeza lita 3, ekari inakula lita 120, yaani mabomba saba na nusu ya lita 16. Hapo utagawanya dawa ya ekari kama kibandiko kinavyosema. Kukadiria kwa kizibo cha chupa ndiko kunakowafanya wawili wenye dawa moja wapate matokeo mawili.

Limebaki moja, nalo limeharibu mashamba ya watu waliofanya mengine yote vizuri. Mwenye pamba mara nyingi ana mahindi pia, au mpunga, na huko anaweza kutumia dawa ya magugu yenye 2,4-D. Pamba haiivumilii kabisa. Mabaki yaliyonata kwenye mpira na chujio yanatosha: majani mapya yanatoka membamba, yamejikunja, yana vidole kama majani ya bamia, na vitumba vinapukutika. Kusuuza mara tatu ni lazima kwa dawa yoyote, maji ya kusuuzia yakimwagwa shambani mbali na kisima na lambo, lakini kwa 2,4-D usitegemee kusuuza. Nunua bomba la pili, hata la bei ya chini kabisa, la magugu peke yake. Lipake rangi nyekundu tangi zima, na jirani akija kuazima bomba la pamba, asipewe hilo.