Mtori wa Noeli na Elimu ya Jikoni

Kila mwaka, mwezi wa Desemba uendapo ukingoni, mabasi yaelekeayo Moshi hujaa watu warudio Uchagani kula Noeli kwao. Wengi hutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 500. Ukiwauliza wafuata nini, watakutajia wazazi, kanisa lao la ubatizo na makaburi ya wazee. Tusione haya kuongeza na mtori, maana ulimi nao una kumbukumbu zake.

Twaijua nyumba moja ambayo mama yao alifariki kabla ya sikukuu. Noeli ilipowadia, mabinti wawili waliteleka mtori kama ilivyokuwa desturi. Ndizi zilitoka kihamba kile kile, na sufuria ilikuwa ile ile. Baba alionja, akanyamaza, akaweka kijiko chini. Mtori haukuwa mbaya, ila haukuwa ule. Mabinti wakatazamana. Miaka yote walikuwa wameula, wala hakuna aliyewahi kuuliza unavyopikwa.

Wasomaji wapenzi, hilo ndilo somo letu la juma hili.

Upishi wa mama zetu ni elimu yenye sababu zake. Mama asemapo ndizi mshare ziwe mbichi kabisa, hana ukaidi: ndizi ikianza kuiva, wanga wake hugeuka sukari, na mtori hupoteza ladha yake. Akuambiapo uzitie majini mara umenyapo, ni kwa kuwa ndizi iliyomenywa ikikaa hewani hugeuka nyeusi. Nyama hutangulia kuchemshwa hata ilainike, kisha ndizi hupikwa katika supu hiyo hiyo, zipate kunywa utamu wa mifupa. Nyama huopolewa, ndizi hupondwa zingali moto, kwani zikipoa hukaza na kufanya madonge. Ndipo nyama hurudishwa. Na chakula hiki hupewa mzazi aliyetoka kujifungua kwa sababu ni laini, kina supu, na kinashibisha.

Lakini mwulize mama chumvi ni kadiri gani, naye atajibu, "Kiasi." Hapo wengi hukata tamaa. Sisi twashauri hivi:

Kwanza, pika pamoja naye. Usimame jikoni, usingoje mezani.

Pili, kabla hajaitupa chumvi iliyo kiganjani mwake, kinga kikombe, uipime kwa kijiko. "Kiasi" chake kitajulikana.

Tatu, andika siku ile ile, na sababu uziandike pia.

Nne, wana wa kiume wasijitenge. Awezaye kuchinja mbuzi hashindwi kuponda ndizi.

Pengine mtu atasema, "Ya nini taabu hiyo? Mapishi yote yamo katika simu." Ni kweli, simu itakufundisha kupika mtori. Mtori wa mama yako haitakufundisha, kwa maana haikupata kusimama jikoni kwake.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Wewe ambaye mama yako angali hai, usirudi mjini baada ya Noeli na tumbo lililoshiba tu. Rudi na daftari lililoandikwa, na mikono iliyokwisha kuponda ndizi chini ya macho yake.