Mchezo wa Kuigiza na Kujitambua kwa Mtoto Mdogo

Munisagara ni kituo kidogo katika Reli ya Kati, magharibi ya mji wa Kilosa, ambapo njia ya garimoshi hufuatana na bonde la Mto Mkondoa kuelekea Kidete na Gulwe. Mtoto wa miaka minne anayelelewa katika bonde hilo hana vitu vingi vya kuchezea vinavyouzwa madukani, lakini hakosi mchezo. Gunzi la hindi lililoviringishiwa kitambaa ni mtoto mchanga. Kifuu ni sufuria. Mchanga uliorowanishwa ni ugali. Watoto watano wakishikana nguo kiunoni wamekwisha kuwa garimoshi, na aliyetangulia ndiye dereva. Watu wazima huuita mchezo wa namna hii kujipikilisha, au mchezo wa baba na mama, na mara nyingi huuona kuwa njia ya kupitisha muda tu mpaka mtoto afikie umri wa kutumwa. Elimunafsi inauona kwa namna nyingine. Katika mchezo huo mtoto anashughulika na swali la yeye ni nani.

Yafaa kwanza ieleweke namna jambo hili linavyofanyika. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alionyesha katika kitabu chake cha 1945 kwamba karibu na umri wa mwaka mmoja na nusu mtoto huanza kuweza kukifanya kitu kimoja kisimame badala ya kingine. Gunzi si mtoto, na binti anayelibeba mgongoni anajua hivyo vema kuliko mama yake anayemcheka. Uwezo huo huo ndio unaotumika katika lugha, na baadaye katika kusoma na kuhesabu. Lev Vygotsky wa Urusi, katika mhadhara wake wa 1933, alikwenda mbele zaidi. Alitoa mfano wa ndugu wawili wa kike, wa miaka mitano na saba, ambao siku moja waliamua kucheza udada. Wao ni madada kweli. Basi walicheza nini? Walicheza kanuni za udada: kuvaa namna moja, kutembea wakishikana mikono, kuwatenga watu wengine na mali yao. Katika maisha ya kila siku walikuwa madada bila kufikiri, na katika mchezo ndipo walipoutambua udada wao.

George Herbert Mead wa Marekani, ambaye mafunzo yake yalichapishwa 1934 baada ya kifo chake, alieleza kwamba binadamu hawezi kujiona nafsi yake isipokuwa amejitazama kutoka upande wa mwenzake. Binti anapolikaripia gunzi kwa sauti ya mama, anayekaripiwa kwa kweli ni yeye mwenyewe. Kwa muda mfupi amesimama mahali pa mama na kuona jinsi mtoto anavyoonekana kutoka huko, na anaporudi mahali pake anakuwa amejua jambo asilolijua kabla.

Hata hivyo wataalamu wamezoea kupima kujitambua kwa mtoto kwa kipimo kingine, nacho ni kioo. Mtoto hutiwa alama usoni pasipo kujua, kisha huonyeshwa kioo. Akiigusa alama usoni pake, husemwa kwamba amejitambua. Katika nchi za Magharibi watoto wengi hufanya hivyo kabla ya kutimiza miaka miwili. Utafiti uliochapishwa 2011 ulitumia kipimo hicho kwa watoto 82 wa Kenya, wa umri wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka sita, na ni wawili tu walioigusa alama. Waliobaki wengi walisimama kimya wakijitazama. Je, watoto hawa hawakujitambua? Watafiti wenyewe hawakufikia uamuzi huo. Mtoto aliyefunzwa kutulia mbele ya mgeni, na kutogusa kitu mpaka aambiwe, hutulia. Ni vigumu kutokumbuka matokeo hayo mtu asomapo fomu za kupima utayari wa watoto kuingia shule zilizotungwa katika miji ya mbali. Mtoto yule yule aliyenyamaza mbele ya kioo angetazamwa akicheza nyuma ya nyumba, bila mgeni kuwapo, huenda angeeleza mengi juu ya nafsi yake.

Kwa upande wa Afrika Mashariki habari za michezo hii zimeandikwa tangu zamani. Otto Raum, katika kitabu chake juu ya malezi ya Wachaga cha 1940, alipinga wazo kwamba watoto huiga tu. Aliona kuwa hujijengea jamii ya kubuni ya watu wazima kutokana na vipande vichache wanavyoruhusiwa kuvijua, na hawaoni haya kuwafanyia mzaha wakubwa wao. Kwa upande mwingine, Robert na Barbara LeVine waliokaa Nyansongo katika nchi ya Wagusii katika miaka ya 1950 waliona mchezo wa kujifanya mara chache. Watoto wa huko walichunga ng'ombe na kulea wadogo zao tangu umri mdogo sana, na anayembeba mdogo wake wa kweli kutwa nzima ana haja ndogo ya kubeba gunzi.

Turudi Munisagara. Jina lenyewe linahusiana na mtawala ambaye Carl Peters alitiliana naye mkataba Desemba 1884, mkataba uliomtaja mtu mmoja kuwa bwana wa Usagara yote. Reli ilifika Kilosa 1909, na mashamba ya mkonge yakaleta wafanyakazi wa makabila mengi. Kwa hiyo mtoto wa eneo hili huweza kusikia Kisagara au Kikaguru kwa bibi yake, lugha nyingine kwa jirani, na Kiswahili kila mahali. Tena Wasagara, Wakaguru na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ni mtu mzito katika maisha ya mtoto. Picha za vitabu vya watoto wadogo mara nyingi huonyesha jamaa ya baba, mama na watoto wawili. Mwalimu anayegawa nafasi za igizo kwa kufuata picha hizo humwondoa mjomba, na pengine bibi anayemlea mtoto, nje ya nyumba ya mchezo. Mtoto huona, bila mtu kumwambia, kwamba nyumba yao haimo miongoni mwa nyumba zinazostahili kuigizwa.

Kuna mambo mazito zaidi. Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mapambano ya wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, ukasomba reli, na maelfu ya watu wakalala katika mahema. Watoto huyacheza mambo kama haya. Mwenye kucheza mafuriko mara kumi, na kila mara akamwokoa mdogo wake, anayapanga upya matukio ambayo hakuwa na nguvu juu yake. Si vizuri kumkataza. Lakini mchezo wa mkulima na mfugaji unahitaji jicho la mlezi. Ikiwa kila siku mtoto wa Kimaasai ndiye anayepewa kuwa adui, anapewa pamoja na nafasi hiyo jina la kudumu. Kumkemea aliyegawa nafasi hakusaidii sana. Linalosaidia ni mwalimu kuingia mchezoni akiwa mtu wa tatu, kwa mfano mgonjwa anayetafuta maziwa kwa huyu na unga kwa yule, kisha kesho nafasi zibadilishwe.

Tangu sera ya elimu ya 1995, elimu ya awali imekuwa sehemu ya mfumo rasmi, na madarasa ya awali hutakiwa kuwa na kona za ujifunzaji, mojawapo ikiwa ya maigizo. Katika darasa la watoto wengi na mwalimu mmoja kona hiyo huwa ya kwanza kutoweka, maana haina matokeo ya kuandikwa katika daftari. Gharama yake ni ndogo: khanga kuukuu, jembe la mti, kikapu, kibuyu, kofia, fimbo ya mchungaji, tiketi za karatasi. Yafaa vitu hivyo viwe vya nyumbani kwao, na kila mtoto aruhusiwe kuvigusa. Mvulana akitaka kupika apike, na anayetaka kusema Kisagara katika nyumba ya mchezo aseme. Mwalimu asiharakishe kuuliza, "Unafanya nini?" Swali hilo humtoa mtoto katika nafasi yake na kumrudisha kuwa mwanafunzi mbele ya mkubwa. Afadhali apige hodi, asubiri kukaribishwa, na aupokee ugali wa mchanga kwa mikono miwili.