SOMO LA LEO: NENO "NET" KWENYE MZANI NA BAHARINI



Katika Kiswahili tunalo neno paa. Paa la nyumba huvuja. Paa wa porini hukimbia. Ndege hupaa angani. Na pale Somanga, mama humpaa samaki magamba kabla ya kumkaanga. Neno ni moja, mambo ni manne, wala hatuchanganyikiwi. Tunatazama maneno yaliyo jirani yake.

Kiingereza nacho kina maneno ya namna hiyo. Leo tujifunze moja, linaloandikwa NET. Hutamkwa "neti", ila mwishoni irabu haisikiki.

Maana ya kwanza: wavu

Jarife ni "net". Juya ni "net". Kimia nacho ni "net". Chandarua pia ni "net" ya mbu, ndiyo maana wengi wetu tunasema, "Mwanangu, shusha neti ulale." Lakini wenzangu, chandarua ni cha kulalia, siyo cha kuvulia. Matundu yake ni madogo mno, hukomba hata samaki wachanga. Tukiwamaliza hao, mwakani tutavua nini?

Katika michezo, angalia usije ukakosea. "Netball" siyo mpira wa wavu. Ni mpira wa pete, ambao watoto shuleni huuita netiboli.

Hata mtandao wa simu hutajwa kwa neno hilo, kwa sababu umeungana huku na huku kama nyuzi za wavu. Ndipo tunaposema, "Leo netiweki hamna."

Maana ya pili: kinachobaki

Hii haihusiani na wavu hata kidogo. Ni neno jingine, lililotoka Kifaransa, na huko maana yake ni "safi". Limefanana tu na lile la kwanza kwa maandishi. Maana yake hapa ni kile kinachobaki baada ya kutoa visivyohusika.

Tazama kopo la samaki dukani. Pameandikwa "Net Weight", au kwa kifupi "Net Wt". Huo ni uzito wa vilivyomo ndani, bila kopo. Kwa Kiswahili ni uzito halisi. Uzito wa vyote pamoja, "Gross Weight", ni uzito ghafi. Mfanyakazi naye ana mshahara wa "net", yaani zile fedha anazopokea baada ya makato.

Haya, sasa twende kwenye mzani. Tuseme umepeleka ufuta wako chama cha msingi, magunia 30. Kila gunia, mzani unasema kilo 101. Gunia tupu lina kilo 1. Basi uzito halisi ni kilo 100 kwa gunia. Ni haki gunia litolewe, kwani mnunuzi hanunui gunia.

Lakini je, ukikatwa kilo 2 badala ya 1? Utapoteza kilo 1 kwa kila gunia. Kwa magunia 30 ni kilo 30. Kama bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, umepoteza shilingi 90,000. Hizo si za kuachia hivi hivi!

Basi fanyeni hivi. Pimeni magunia matupu 10 kwa pamoja, mgawanye kwa 10. Mtajua uzito wa gunia moja. Kisha, kabla ya kutia sahihi au dole gumba, tafuta kwenye stakabadhi mahali palipoandikwa "net" au uzito halisi. Usipoelewa, uliza. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kikundi

1. Gunia la mtama lina kilo 92 kwenye mzani. Gunia tupu ni kilo 1. "Net" ni kilo ngapi?
2. Mshahara ni shilingi 300,000. Makato ni 45,000. "Net" ni ngapi?
3. Tajeni maneno mengine ya Kiswahili yenye maana nyingi kama paa. Anzeni na kaa.

Majibu: (1) Kilo 91. (2) Shilingi 255,000.