Jina Lako Ndani ya Kompyuta ni Mali Yako



Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Masasi mpaka Newala, kila mtu anawaza mizani. Kabla ya kubeba magunia, tujifunze jambo moja: namna ya kutunza majina na namba zetu zilizomo ndani ya kompyuta.

Labda utasema, "Mwalimu, mimi sina kompyuta." Kweli, huna. Lakini jina lako limo ndani yake.

Tulifuate gunia moja. Unalipeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Karani analipima na kukupa stakabadhi. Jina lako na kilo zako zinaandikwa. Kisha korosho zinakwenda mnadani. Zamani wanunuzi walitia karatasi za bei sandukuni. Tangu msimu wa mwaka 2024, mnada unafanyika kwa mtandao, kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mwisho, fedha zinaingizwa kwenye akaunti yako ya benki.

Kompyuta ni nini?

Ni kama daftari kubwa linalopiga hesabu upesi. Lakini daftari hilo halina macho wala huruma. Linashika kile ambacho mtu amekiandika. Tuseme umepima kilo 86, na karani akaandika 68. Kompyuta haitauliza. Bei ikiwa shilingi 3,000 kwa kilo, umepoteza kilo 18 mara 3,000. Hizo ni shilingi 54,000! Ni ada, ni sare, ni chakula cha siku nyingi.

Wazee wa Masasi wanaukumbuka mwaka 1971. Wilaya yao ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Mtu akijua kusoma, hadanganywi kirahisi mizanini. Leo mambo ni yale yale. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tufanye nini?

1. Soma stakabadhi kabla ya kuondoka. Tazama jina, kilo na namba ya akaunti. Ukiona kosa, sema pale pale, kwa adabu, lakini usiondoke mpaka lirekebishwe. Kisha itunze stakabadhi hiyo mpaka ulipwe.

2. Namba ya siri usimpe mtu. Asiambiwe wakala, wala jirani, wala mtu anayepiga simu na kujiita mfanyakazi wa benki. Mfanyakazi wa kweli haihitaji.

3. Jina lako usiliazimishe. Mfanyabiashara wa kangomba akikuomba apime korosho zake kwa jina lako, kataa. Mtu akitaka utie kidole ili asajili laini yake ya simu, kataa pia. Laini hiyo ikitumika kwa wizi, jina litakaloonekana ni lako. Bonyeza *106# kwenye simu yako uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

4. Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usitume. Mpigie kwanza yule unayedaiana naye, kwa namba yake unayoijua. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke 15040. Hiyo ni namba ya kuripoti utapeli.

Bibi na mjukuu

Tuchukue mfano. Bibi amelipwa fedha za korosho, na nyingine amezihamishia kwenye simu. Macho yake hayaoni vizuri. Anamwita mjukuu: "Mjukuu wangu, nitazamie hela. Namba yangu ya siri unaijua." Mjukuu anatazama. Jioni yuko kijiweni, anawasimulia wenzake kiasi alichonacho bibi. Hakuiba hata senti. Je, ametenda vema?

Hapana. Habari ya fedha za bibi ni mali ya bibi. Aliyeisambaza amewafungulia wezi mlango.

Sasa mjukuu mwingine. Yeye anasema: "Bibi, shika mwenyewe. Bonyeza hapa. Sasa andika namba yako, mimi nageuka upande huu." Siku ya kwanza bibi anakosea mara mbili. Siku ya nne anaweza. Huyu mjukuu amempa bibi kitu kikubwa kuliko msaada wa siku moja.

Na ninyi mnaoshika daftari

Karani, katibu, wakala, na kijana mwenye simu kubwa: mnashika siri za watu. Orodha ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao si za kupiga picha na kuzisambaza. Usiandike kilo ambazo hukuziona mizanini. Ukikosea, kubali na urekebishe. Usiseme "kompyuta imekosea." Kompyuta haiwezi kujibu kwa niaba yako.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza utapeli wa kompyuta na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inasema taarifa za mtu zitumike kwa kazi ile zilizokusanyiwa. Mwenyewe ana haki ya kuziona, na ya kuomba zirekebishwe kama zina kosa. Kwa hiyo ukiuliza, hujamtukana karani. Umetumia haki yako.

Maswali ya kujadili

1. Ni mambo gani matatu utakayotazama kwenye stakabadhi yako?

2. Umepima kilo 74, ikaandikwa 47. Bei ni shilingi 3,000. Umepoteza shilingi ngapi?

3. Nyumbani kwako, nani anajua namba yako ya siri? Kama ni zaidi yako wewe, utafanya nini leo?

Someni pamoja, jadilianeni, kisha umfundishe mwenzio mmoja asiyejua. Elimu haina mwisho.