Neno Aliloliacha Mjaribu

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima huitwa Invokavit, na wengi katika sharika zetu hulitaja jina hilo bila kujua litokako. Ni neno la Kilatini, nalo latoka katika Zaburi ya 91, hapo Mungu aahidipo kwamba mtu wake atamwita, naye atamwitikia. Kwa zaburi hiyo Kanisa la zamani lilifungua ibada ya siku ile. Sasa angalieni jambo la ajabu: Injili isomwayo Jumapili iyo hiyo ni Mathayo 4, nasi twamwona Shetani juu ya kinara cha hekalu, na zaburi ile ile imo kinywani mwake.

Mjaribu hakumwambia Bwana Yesu aibe, wala aue, wala azini. Alimwambia ajitupe chini, maana imeandikwa ya kuwa malaika wataagizwa kumchukua. Je, kwa kulisikia tu, neno hilo si kama imani? Si kama kumtegemea Mungu? Lakini fungueni Zaburi ya 91, mstari wa 11, mkaulinganishe na Mathayo 4:6. Katika zaburi malaika wanaagizwa kumlinda mtu katika njia zake zote. Habari ya njia Shetani hakuitamka. Aliiruka, akaendelea na maneno yafuatayo. Waalimu wa Kanisa waliliona pengo hilo tangu zamani. Hekalu lilikuwa na ngazi za kushukia, na ngazi ndiyo njia. Kujitupa kutoka kinarani si njia ambayo Baba alimwagiza Mwanawe. Naye Bwana akakataa. Na malaika walikuja kweli, kama mstari wa 11 wa Mathayo unavyosema, wakamtumikia. Ila walikuja baada ya kukataa kwake.

Basi mtu akijipima katika siku hizi, haitoshi kuuliza, Je, jambo hili ni jema? Mambo mengi ni mema. Imempasa kuuliza pia, Je, Mungu ameniweka katika njia hii, nami naiendea kama apendavyo yeye?

Mfano tunao katika habari za Kanisa letu wenyewe. Tangu Mei 1521 Martin Luther alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, naye huko akalifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Alipokuwa hayupo, wenzake katika mji wa Wittenberg, hasa Andreas Karlstadt na Gabriel Zwilling, waliyaharakisha matengenezo. Katika Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana, 1521, Karlstadt aliwapa watu mkate na kikombe pia, na mapema katika 1522 watu waliingia kanisani wakaziangusha sanamu. Kikombe kwa wote, Luther mwenyewe alikuwa amekwisha kufundisha kwamba ni haki ya Wakristo. Basi mtu angedhani atarudi na kuwasifu.

Alirudi mwezi wa Machi, na siku ya Invokavit, tarehe 9 Machi 1522, akapanda mimbarani, akahubiri siku nane mfululizo. Hakuanza na sanamu. Alianza na kifo: kwamba kila mtu atapigana na kifo chake mwenyewe, wala mwenzake hawezi kufa kwa ajili yake, kwa hiyo imempasa kila mmoja ayajue mwenyewe yale amwaminiyo Mungu kwayo. Kisha akawaambia kwamba imani anaisikia midomoni mwao, bali upendo hauoni. Waliwaburuta wanyonge, ambao mioyo yao ilikuwa bado haijafundishwa na Neno, wakawafanya wapokee kikombe kwa mikono yenye kutetemeka. Angeweza kuwakemea maadui wa Injili. Akawakemea rafiki zake. Mji ukatulia. Zwilling alikiri kwamba amekosa, naye baadaye akawa mchungaji. Karlstadt hakuridhika.

Nadhani majaribu ya namna hii huwapata wenye bidii kuliko wavivu. Mvivu hapandi kinarani.

Luther huyo huyo, katika Katekisimo yake Ndogo, alifundisha namna ya kujipima kabla ya kuungama. Anayetaka kujipima aitazame nafasi yake kwa nuru ya Amri Kumi: je, yeye ni baba au mama, mwana au binti, bwana au mtumishi? Amekuwa mtii? Amekuwa mwaminifu? Amemwumiza mtu kwa neno au kwa tendo? Makosa ya jirani hayamo katika orodha hiyo. Nafasi hizo ndizo njia ambazo zaburi inazitaja, na mtu azipitaye kila siku ni rahisi kutoziona.

Kuhusu kufunga, Luther alikuita zoezi jema la nje, wala si malipo ya dhambi. Hapo sina la kuongeza. Mzee wa usharika aachaye chakula cha mchana siku zote arobaini amefanya vema. Lakini kabla hajauliza ni nani aliyeonekana kilabuni Jumamosi, na aulize kwanza kama ujira wa kijana aliyempalilia migomba umekwisha kulipwa wote.